Uso wa Bi Nawar

Wanawake wengi wa Sib na Hail waliopitia skuli za serikali walimjua Kheiria binti Thabit kwa jina moja tu, Abla, yaani mwalimu, maana ndiye aliyewasomesha kuchora. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, na tangu hapo hakuwahi kurudi hata kwa matembezi. Alipostaafu, mumewe alikwishafariki. Akabaki katika nyumba yao ya Hail na binti yake Ruba, aliyekuwa akifanya kazi benki, pamoja na chumba cha uani alichokigeuza cha kuchorea. Humo alichora milango, vyombo vya shaba na sura za watoto wa majirani. Picha chache aliuza, nyingi akazigawa. Hakuwa mtu wa makuu. Lakini moyoni alikuwa na kiu ambayo hakumwambia mtu, ya kuchora picha itakayotundikwa pahala watu wakaitazame hata siku ambayo yeye hayupo.

Basi alipobisha hodi Sheikh Badr na kueleza shida yake, Kheiria aliona kama ametumiwa mtu.

Sheikh Badr alikuwa mfanyabiashara mwenye jina, wazee wake nao wametoka Unguja. Alikuwa amenunua nyumba kongwe ya ukoo wake huko Matrah, nyuma ya barabara ya pwani, akaitengeneza upya iwe nyumba ya kumbukumbu, na watu waruhusiwe kuingia kuitembelea. Ukoo ule ulijifaharisha kwa mtu mmoja, Seyyid Hatem, aliyekuwa wa nyumba ya kifalme ya Unguja zamani, na mkewe Bi Nawar.

"Abla, nnataka picha yao wote wawili," alisema Badr, kikombe cha kahawa mkononi. "Wamekaa pamoja, kifalme hasa. Iwe kubwa, ya rangi za mafuta. Mtu akiingia tu, macho yamwendee huko."

"Mnazo picha zao za kamera?"

"Ya Seyyid ipo. Ya Bi Nawar hakuna. Enzi zile wanawake wa nyumba zile hawakupigwa picha. Lakini shangazi yetu Bi Mahbuba alimuona kwa macho yake. Nenda kwake, atakueleza."

Bi Mahbuba alikuwa amepindukia miaka tisini, akiishi Sib katika nyumba ya dada yake Badr. Kheiria alimkuta kitandani, karibu na dirisha, kanga begani, macho yamefanya ukungu lakini ulimi mwepesi kama wa msichana.

"Bi Nawar!" alisema, akacheka peke yake kwanza. "Mie n'kiwa mtoto, yeye keshakuwa na mvi. Alikuwa mweusi, mwanangu. Mweusi wa kung'ara. Mama yake alikuwa mtu wa bara, kaingia nyumbani mwa mabwana kama walivyoingia wenziwe, wala hakuulizwa kama anataka. Ana mwanya hapa mbele. Na akikutazama, unajihisi umefanya kosa hata kama hukufanya. Seyyid hakuoa mwengine juu yake. Walimwambia, wakamwambia tena, akakataa."

"Na alipokuwa msichana, alikuwaje?"

"Hapo mie sijazaliwa. Hapo utajaza weye."

Kheiria akarudi Hail, akafunga turubai, akaanza. Miezi yote ya baridi alikuwa katika chumba kile, milango wazi, harufu ya tapentaini imejaa uani hata Ruba akalalamika kwamba nguo zake zinanuka akienda kazini. Seyyid Hatem alimaliza mapema, kwa sababu picha yake ilikuwepo: kilemba, jambia kiunoni, ndevu fupi na mabega ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Badr alikuja mara moja akamuona, akafurahi sana. Uso wa Bi Nawar siku ile ulikuwa bado mistari mitupu. Baada ya hapo Badr akasafiri kwenda India kutibiwa mgongo, hakurudi mpaka picha imekwishapelekwa Matrah na kufunikwa kitambaa.

Huo uso ndio uliomtesa Kheiria. Aliupaka akaufuta, akaupaka akaufuta. Alikuwa na maneno ya ajuza tu, na maneno hayana pua wala kidevu. Mwisho akaacha kufikiri, akauachia mkono. Akatokea mwanamke mweusi, kijana, mdomo umefunguka kidogo mwanya ukionekana, dhahabu shingoni, mkono mmoja ameuweka juu ya mkono wa mumewe, naye anakutazama moja kwa moja. Kheiria alikaa chini mbele yake akalia, kwa furaha, maana alijua hajapata kuchora kitu kizuri kama kile.

Picha ilifunuliwa baada ya sala ya alasiri. Ukumbi ulijaa, wanaume na kanzu zao zilizopigwa pasi zikasimama, wanawake na mabaibui ya hariri, halwa na kahawa zinapita, simu zimeinuliwa juu. Badr alisema maneno machache kisha akakivuta kitambaa mwenyewe.

Kwanza yalisikika makofi. Kisha yakapungua, si kwa ghafla, yakafifia kama mvua inayokatika. Kheiria alikuwa amesimama pembeni na Ruba, akaona macho ya watu yakitoka kwa Seyyid kwenda kwa mkewe na kukwama pale. Wawili watatu walisema mashallah. Mwanamke mmoja, ambaye Kheiria hakumjua, akamuuliza mwenziwe kwa Kiarabu, wala hakujaribu kuishusha sauti:

"Bibi mwenyewe yuko wapi? Huyu si mtumishi?"

Badr alikuwa bado ameshika kitambaa. Hakugeuka. Alikikunja taratibu, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama leso.

Mtu mmoja tu alimfuata Kheiria jioni ile kumpa mkono. Alikuwa Priscah, Mkenya kutoka Kakamega, aliyeajiriwa kusafisha nyumba ile na kufungulia wageni milango.

"Abla, huyu mama amekaa kama nyanya yangu, mzazi wa mama," alisema. "Na vile amevaa dhahabu! Nikituma hii nyumbani hawataamini. Naweza kupiga picha naye?"

"Piga, mwanangu," alisema Kheiria. "Piga hata kumi."

Kabla ya chakula cha usiku, video ilikuwa imeshaenea katika makundi ya wasapu. Mwanzo ilikuwa mizaha. Mmoja aliandika kwamba Seyyid anaonekana kama anayengoja zamu yake hospitali. Mwengine akasema Bi Nawar amekasirika kwa sababu halwa imekwisha kabla ya kumfikia. Kheiria alisoma, akacheka kidogo, maana alisomesha wasichana miaka mingi na alizoea kuchekwa. Halafu zikaja nyengine. Kwamba hii ni dharau kwa nyumba ya kifalme. Kwamba mchoraji amelipwa na watu wenye nia zao. Kwamba binti wa asili hawezi kuwa na sura ile. Wachache walimtetea, wakaandika kwamba nusu ya wazee wetu ndivyo walivyokuwa, na atazame kila mtu albamu ya nyumbani kwake. Hao walitukanwa mpaka wakanyamaza.

Asubuhi Ruba alimkuta mama yake jikoni, akaweka simu mezani. Mtu alikuwa amechukua picha ya Kheiria siku ya kufunuliwa picha, amesimama pembeni na baibui lake, akaiweka sambamba na uso wa Bi Nawar. Chini yake ameandika kwamba Abla amejichora mwenyewe, anataka usultani uzeeni.

"Mama, wanakucheka mpaka wenzangu kazini," alisema Ruba. "Wamenionyesha wao. Mimi nilikuwa sijaiona."

Kheiria alivaa miwani akaitazama ile picha. Akaenda chumbani, akafunga mlango, akasimama mbele ya kioo. Alitoa kabatini picha ya marehemu mama yake, iliyopigwa Unguja kabla hawajahama, akaishika karibu na shavu lake. Paji la uso lile lilikuwa lake yeye, na mdomo ulikuwa wa mama yake, mwanya na yote. Hakukusudia. Wallahi hakukusudia. Lakini aliona, kama mtu anavyoona doa kwenye nguo aliyokwisha kuivaa mbele za watu, kwamba pale Bi Mahbuba alipomwambia ajaze, alijaza kwa kile alichokuwa nacho. Akawa hajui tena kama amesema kweli au amesema uongo.

Badr alikuja siku ya pili yake. Hakuja kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Kheiria, maana mtu mwenye hasira unaweza kumjibu. Alikaa palepale alipokaa mara ya kwanza.

"Abla, mie sikulaumu. Mkono wako mzuri, kila mtu anakubali."

"Lakini?"

"Lakini watoto wetu wanaoa na kuolewa. Balqis, binti wa ndugu yangu, anaposwa na watu wa ndani, huko milimani. Wazee wao wameiona ile video. Wameuliza swali moja tu: huyu bibi yenu, mama yake nani?"

"Na nyinyi mmejibu nini?"

Badr alikitazama kikombe chake.

"Tumewajibu kwamba mchoraji kakosea."

Nje gari la kuuza maji lilikuwa likirudi nyuma, likipiga mlio wake, na wote wawili wakawa kama wanaosubiri limalize.

"Sikwambii umpake chokaa," aliendelea Badr. "Mpunguze tu. Mfanye rangi ya ngano. Na ule mwanya uuzibe. Kazi ya siku moja kwako."

"Bi Mahbuba ndiye aliyenieleza, Sheikh. Mlinituma wenyewe."

"Bi Mahbuba mtu mzima. Anachanganya mambo."

Alipoondoka, Ruba alitoka chumbani, alikuwa amesikia yote.

"Ipunguze, mama," alisema taratibu. "Nakuomba. Ni rangi tu. Watu watasahau."

"Wewe umeolewa? Umeposwa?" aliuliza Kheiria.

"Bado."

"Basi nimekufahamu," alisema Kheiria, na Ruba akaanza kulia, kwa sababu kweli alikuwa amefikiri hivyo, na yeye rangi yake ilikuwa ya mama yake.

Haikupita wiki, video nyengine ikatoka. Safari hii alikuwa Bi Mahbuba, kitandani pake, amefunikwa mtandio mpya. Sauti ya mwanamme, haonekani, ikamuuliza kwa upole kama anamkumbuka Bi Nawar. Ajuza akapepesa macho. Akasema, "Siku nyingi. Sikumbuki." Akaulizwa kama alimwambia mchoraji kwamba alikuwa mweusi. Akasema, "Sijui. Pengine alisikia vibaya." Video ikaishia hapo, na ikasambaa kuliko ile ya kwanza.

Kheiria alichukua teksi mwenyewe mpaka Sib, hakumngoja Ruba. Alipokelewa vizuri, akaletewa tende na kahawa, na mjukuu mmoja wa nyumba ile akakaa naye chumbani kwa mgonjwa kama aliyetumwa kulinda. Wakazungumza habari za homa na joto. Yule msichana alipotoka kupokea simu, Kheiria akainama.

"Bi Mahbuba, nlisikia vibaya?"

Ajuza alimtafuta kwa mkono juu ya shuka mpaka akampata.

"Hukusikia vibaya. Ndivyo alivyokuwa. Na mama yangu mie alikuwa mjukuu wa ndugu yake, kwa hivyo nnajua nnachosema."

"Basi sema mbele yao. Neno moja tu, bibi. Mie wananiita muongo mji mzima."

"Siwezi, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Mie nnalala kwao. Wao ndio wanaonigeuza, wao ndio wanaonikosha. Nikinyanyua mkono kutaka maji, wao ndio wanaoyaleta. N'takwenda wapi na mwili huu?" Akamwachia mkono, akageuza uso upande wa dirisha. "Nisamehe. Na ukitoka, nifungie mlango, baridi ya hiyo mashine ya hewa ya ukumbini inaniingia mifupani."

Kheiria alifunga mlango. Njiani dereva, kijana wa Kibalushi, alimuuliza kama ametoka msibani, akajibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jioni akampigia simu Badr. Alimwambia kwamba hawezi kuipunguza picha, na kama hawaitaki basi waiteremshe wamrudishie, yeye ataitia chumbani kwake. Badr akasema ni mali ya nyumba ile sasa, na kwamba atafikiri. Wakaagana kwa heshima, wakatakiana afya.

Joto lilikuwa limekwishaingia, lile linalofanya watu wa Maskati watembee kutoka kivuli hadi kivuli, Priscah alipopiga simu.

"Abla, pole kukusumbua. Ile picha walikuwa wameichukua, wakasema inaenda kusafishwa. Leo imerudi." Akavuta pumzi. "Imerudi, lakini si yule mama."

Kheiria alivaa baibui, akatia vitu viwili vitatu ndani ya mkoba, akamwambia Ruba anakwenda Matrah. Ruba alimtazama usoni, akachukua funguo za gari bila ya kuuliza, wakaondoka.

Ilikuwa mchana. Ukumbini walikuwepo wageni wachache, watalii walioshuka katika meli, wanapepea nyuso zao na karatasi za maelezo. Bi Nawar alikuwa palepale ukutani, ndani ya dhahabu yake ileile, lakini uso ulikuwa wa mwanamke mwengine. Ngozi ya ngano. Pua imechongwa ikawa nyembamba. Mdomo umefungwa. Na macho, ambayo Bi Mahbuba alisema yalimfanya mtu ajihisi ana kosa, sasa yalikuwa yameshushwa chini, kwenye zulia. Aliyeifanya kazi ile hakuwa mtu mbaya wa brashi. Alijua kazi yake. Ila alisahau, au hakujali, ule mkono uliokuwa juu ya mkono wa Seyyid. Vidole vilikuwa bado vyeusi, kama alivyovipaka Kheiria.

Mtalii mmoja alikuwa akimwambia mkewe kitu huku akionyesha ile shingo na kutikisa kichwa kwa kusifu. Kheiria alisubiri wasogee. Pembeni ya picha, chini kulia, palikuwa na jina lake kwa Kiarabu, jembamba, jekundu kidogo, kama alivyozoea kuliandika. Hilo hawakuligusa. Walimwachia.

Akafungua mkoba, akatoa brashi ndogo na chupa ya rangi ya kahawia.

"Abla," alisema Priscah kwa woga, "wakija waniulize mimi nitasema nini?"

"Sema hukuona. Ulikuwa unapiga deki juu."

"Na kamera?"

"Kamera itasema ni mie. Kweli ni mie."

Akainama. Mgongo ulimuuma, Ruba akamshika kiunoni asianguke. Alipaka juu ya herufi ya kwanza, kisha ya pili, mpaka jina lote likaingia ndani ya zulia lililochorwa na halikuonekana tena. Alipomaliza alisimama akaitazama picha nzima mara moja, kama unavyomtazama maiti kabla hajafunikwa uso, akatoka nje kwenye jua.

Badr alipiga simu siku ile ile. Hakugomba.

"Sasa tuandike kazi ya nani, Abla?"

"Msiandike jina la mtu."

Nao wakafanya hivyo. Balqis aliolewa na watu wa milimani baada ya Idi, harusi kubwa, Kheiria akaalikwa lakini akatuma udhuru. Bi Mahbuba akafa kabla ya baridi kurudi. Kheiria alikwenda msibani, akakaa na wanawake, akasoma juzuu yake, akainuka.

Yale ya mitandaoni yakazimika, watu wakapata jengine la kucheka. Nyumba ya Matrah ikaendelea kupata wageni. Siku moja Ruba aliwapeleka huko wageni wa benki, akarudi nyumbani, akakaa muda mrefu ndani ya gari kabla ya kushuka. Alimkuta mama yake uani anaanua nguo.

"Mama, wamebandika kibao chini ya ile picha. Wameandika mchoraji hajulikani." Akasita. "Na kijana anayewatembeza wageni anawaambia ni picha ya zamani, ilichorwa Unguja enzi hizo, Bi Nawar mwenyewe amekaa mbele ya mchoraji. Anasema ndiyo picha pekee ya kweli iliyobaki ya uso wake."

Kheiria alikuwa na shuka mkononi. Alikamata ncha moja, akampa Ruba ncha nyengine, wakaikunja.

"Na wageni walisemaje?" aliuliza.

"Walisema alikuwa mzuri."

Mara mbili tatu, katika mwezi ule, alifunga turubai dogo akajaribu kumrudisha yule mwanamke wa kwanza, kwa ajili yake mwenyewe tu. Kidevu kilikuja, na mwanya ukaja. Lakini kila alipofika kwenye macho, alimuona mama yake, au alijiona mwenyewe, au alimuona yule wa ngano akitazama zulia, na hakujua tena yupi alikuwa Bi Nawar. Aliligeuza turubai likatazama ukuta. Chumba cha uani Ruba alikitia pasi na mashine ya kufulia, na harufu ya tapentaini, iliyokuwa imeingia hata kwenye mapazia, ikachukua muda mrefu kutoka.